Kutoka Kipande hadi Vipande

Serikali ya kikoloni ilijua kumfuata mfanyakazi. Hilo tuwape. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa 1915, Vita Vikuu vya Kwanza vikaichelewesha, na kufikia 1920 mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi hakuweza kutoka rizavu kwenda kutafuta kazi bila kipande. Kilikuwa karatasi ndani ya kibati, kimefungwa kamba, kinaning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. Ndani yake: jina, kabila, alama za vidole, jina la mwajiri, siku uliyoanza kazi, mshahara wako, siku uliyoacha. Mwajiri alikuwa lazima aweke sahihi ndipo uondoke. Ukiondoka bila sahihi, wewe ni mtoro, na polisi wana namba yako. Harry Thuku na wenzake walipigana na hiki kitu mapema miaka ya 1920, watu wakapigwa risasi nje ya kituo cha polisi Nairobi mnamo Machi 1922, na bado kipande kilidumu hadi 1947, sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote ilipokuja. Wazungu nao walipoambiwa watoe alama za vidole, walilalamika vibaya sana.

Ninachotaka ukumbuke ni hiki: miaka mia moja iliyopita, bila kompyuta, kulikuwa na ofisi Nairobi iliyoweza kueleza mtu fulani kutoka Nyeri amefanyia kazi nani, wapi, kwa pesa ngapi, na kama alitoroka.

Sasa tuje kwa babangu. Mzee ana miaka 58. Amefanya kazi tangu 1989, kwa waajiri watano, na hakuna ofisi hata moja nchini inayoweza kukuambia kwa mara moja ana pesa ngapi za uzeeni na ziko wapi. Nimejaribu. Nimekuwa nikijaribu tangu mwaka jana, kwa sababu mimi ndiye wa kuandika barua pepe nyumbani, na kwa sababu nikiwa mtu wa kuandika makala za kulipwa moja moja, kila mtu anaamini siku yangu iko wazi.

Orodha yake ni hii. Kiwanda cha nguo Thika, 1989 hadi kilipofungwa 1998. Kampuni ya walinzi Nairobi, 2001 hadi 2004. Shamba la maua Naivasha, mtunza stoo, miaka saba. Shule ya kibinafsi, stoo tena na kuendesha basi dogo, hadi 2019. Na sasa ghala moja Industrial Area. Kila mahali alikatwa kitu kwa mshahara. Kila mahali aliambiwa hicho kitu kinamngoja.

Kwa muda mrefu nilidhani mzee ni mzembe wa karatasi. Kumbe karatasi zote anazo, kwa bahasha ya kaki iliyoandikwa "KAZI" kwa kalamu nyekundu. Ilibidi nisome historia kidogo ndiyo nielewe ni nini kilichotawanyika.

Mwanzo wa mambo ni kwamba uzee wa mfanyakazi Mwafrika haukuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote. Mshahara wa mjini ulipangwa kama wa kijana asiye na mke, anayelala kwa chumba cha wanaume wengi, ambaye familia yake iko rizavu ikilima chakula chake yenyewe. Akichoka, akiugua, akizeeka, arudi huko huko. Shamba la mama yake ndilo pensheni. Kamati ya mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na kamishna wa leba, F. W. Carpenter, ilipotoa ripoti 1954, ilisema wazi kwamba mpango huo ulikuwa unaizalishia nchi wafanyakazi maskini wasiokaa kazini, na ikapendekeza mshahara unaoweza kulisha familia. Kumbuka hiyo ni 1954, katikati ya hali ya hatari. Mau Mau ilikuwa imewafanya wakubwa wasome hesabu upya.

Pensheni zenyewe zilikuwepo, tena nyingi, ila zilipangwa kwa rangi na cheo. Afisa wa serikali aliyeajiriwa kwa masharti ya kudumu alikuwa na sheria yake ya pensheni. Ukifungua orodha ya sheria za Kenya utakuta, jirani na hiyo, sheria nzima ya pensheni za familia za maafisa wa Kiasia. Kulikuwa na ya wajane na mayatima. Kulikuwa na mfuko wa akiba kwa wengine. Ndiyo kusema hata kabla ya uhuru, fedha za uzeeni nchini humu zilikuwa kwenye vyungu vingi vidogo, na chungu chako kilitegemea wewe ni nani na umeajiriwa na nani. Kazi yako ikibadilika, chungu nacho kinabadilika. Hiyo tabia haijatutoka.

Mwaka wa 1965 Kenya huru ilitunga sheria ya Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF. Kwa miaka zaidi ya 20 ilikuwa idara tu ndani ya Wizara ya Leba, hadi 1987 sheria iliporekebishwa ikawa shirika lenye bodi ya wadhamini. Wazo lilikuwa zuri na lilikuwa la maana kubwa: mwanachama mmoja, namba moja, popote utakapoajiriwa. Hiyo namba ilikuwa kipande kilichogeuzwa, safari hii rekodi inakufuata ili ulipwe. Mzee wangu bado anaijua yake kwa kichwa. Ukimwamsha usiku atakutajia.

Shida ilikuwa kiasi. NSSF ilikuwa mfuko wa akiba: ukifikia umri unapewa mzigo wote mara moja, kwaheri. Na mzigo wenyewe! Kwa miaka mingi, hadi Januari 2023, kiwango cha juu kilikuwa shilingi 200 kutoka kwako na 200 kutoka kwa mwajiri. Mia nne kwa mwezi. Piga hesabu: 4,800 kwa mwaka, 96,000 kwa miaka 20 kabla ya riba. Meneja wa benki na mfagiaji wa benki walikuwa wanachanga sawa. Mwenye mshahara mnono hakujali, kampuni yake ilikuwa na mfuko wake wa pembeni. Aliyeumia ni yule ambaye NSSF ndiyo ilikuwa kila kitu.

Halafu kuna bei za vitu. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini wahenga hawakuiona 1993. Mwaka huo mfumuko wa bei Kenya ulikaribia asilimia 46. Kapu la shilingi 1,000 la Januari likawa linaitisha karibu 1,460 Krismasi ikifika. Mzee alikuwa na miaka minne kiwandani. Alichoweka kati ya 1989 na 1993 kilikuwa bado kiko, kwa karatasi, senti hata moja haijaibwa na mtu, na kilikuwa kimeliwa.

Na wizi nao haukukosa. NSSF ilipoteza zaidi ya shilingi bilioni moja kwa kampuni ya uwakala wa hisa iliyoitwa Discount Securities, iliyoanguka karibu 2009. Hiyo kesi ilizunguka mahakamani miaka na miaka. Hizo bilioni zilikuwa mia nne mia nne za watu.

Lakini kama unataka kuona hofu halisi ya mtu mwenye pensheni, angalia kinachotokea mwajiri akifa. Na mwajiri mkubwa kuliko wote kufa Afrika Mashariki alikuwa Jumuiya yenyewe.

Chini ya mkataba wa 1967, mashirika ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yaligawanywa ili kila nchi ipate kitu. Makao makuu ya reli Nairobi, ya bandari Dar es Salaam, ya posta na simu Kampala, ndege Nairobi, na Jumuiya yenyewe Arusha. Ukiwa fundi wa simu Dodoma, faili yako kubwa iko Kampala. Ukiwa dereva wa treni Tabora, iko Nairobi. Watu walihamishwa kutoka nchi hadi nchi kama leo unavyohamishwa kutoka tawi la Nakuru hadi la Eldoret. Kisha Kenya, Uganda na Tanzania zikagombana kwa muda wote wa Idi Amin, na katikati ya 1977 Jumuiya ikavunjika. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Maelfu ya watu wakaamka asubuhi wakiwa na miaka 10, 15, 20 ya michango kwa mwajiri ambaye hayupo tena.

Mpatanishi Mswisi, Victor Umbricht, alihangaika na hayo mahesabu miaka mingi. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa sahihi Arusha Mei 1984, na ndani yake kila serikali ilikubali kuwalipa pensheni raia wake. Kwa karatasi, imeisha. Kwa watu, bado. Tanzania wafanyakazi wa zamani wa Jumuiya walienda Mahakama Kuu 2003, miaka 26 baada ya kazi kuisha. Walikuwa zaidi ya 31,000. Mwaka wa 2005 wakafikia makubaliano na serikali, malipo yakaanza, na bado wengi wakabaki wakisema walicholipwa si chote. Wazee walikuwa wakiandamana Dar es Salaam na mikongojo yao. Wengine walikuwa wameshazikwa, na waliosimama kwa foleni ni wajukuu wenye vyeti vya vifo.

Nilipomsimulia mzee hii habari, alicheka kicheko kifupi, akasema, "Hao angalau walikuwa na serikali ya kushtaki."

Alikuwa anamaanisha kiwanda cha Thika. Miaka ya 1990 ndiyo iliyoua viwanda vya nguo: soko lilifunguliwa, mitumba ikamiminika, mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine. Ni miaka hiyo hiyo serikali nayo, kwa masharti ya wakopeshaji, ilianza 1993 kuwashawishi wafanyakazi wake wa chini waondoke kwa hiari wakiwa na kifurushi cha pesa mkononi. Kila mtaa una hadithi ya mzee aliyechukua hizo pesa akanunua matatu, na matatu ikafa kabla ya mwaka kuisha. Kwa kiwanda cha babangu hapakuwa hata na kifurushi. Kulikuwa na mfuko wa wafanyakazi, ndiyo, ulikatwa kila mwezi, ila ulikuwa kwa vitabu vya kampuni ile ile. Kampuni ilipoingia mikononi mwa benki, mfuko uliingia nayo. Mzee alipewa barua ya kumshukuru.

Hiyo ndiyo hali ambayo sheria ya mafao ya kustaafu ya 1997 ilikuja kutibu, na mamlaka ya kuisimamia, RBA, ikaanza kazi 2000. Si sheria ya kusisimua. Lakini kama kuna sheria iliyomsaidia mtu wa kawaida bila yeye kujua, hii ni mojawapo. Inasema pesa za mfuko si za mwajiri. Zinakaa kwa wadhamini, baadhi yao waliochaguliwa na wafanyakazi. Anayewekeza ni mwingine, anayetunza hati ni mwingine, anayeweka rekodi ni mwingine. Kila mwaka unastahili kupata taarifa ya akaunti yako. Kampuni ikianguka, mfuko unabaki umesimama. Ndiyo maana pesa za mzee za shamba la maua bado ziko, ingawa shamba lenyewe limebadilisha mwenyewe mara mbili.

Kile sheria haikufanya ni kuziunganisha. Kila mwajiri mwenye uwezo aliunda mfuko wake, au akajiunga na mfuko mkubwa wa pamoja. Ukiacha kazi, sehemu unaruhusiwa kuchukua, sehemu inafungwa hadi ufikie umri. Unaweza pia kuhamisha kila kitu kwenda kwa mfuko wa mwajiri mpya, au kwa mpango wako binafsi uliosajiliwa. Unaweza. Ila hakuna anayekuambia siku ile unarudisha sare na funguo za stoo. Siku hiyo unafikiria kodi ya nyumba. Kwa hivyo kazi tano, vyungu vitano, na kila chungu kina anwani ya posta uliyohama 2006.

Sasa, kabla sijarudi kwa bahasha ya kaki, hebu nikupeleke Muthurwa, kwa sababu hapo ndipo niliona jinsi hata mfuko uliosimama vizuri kisheria unaweza kula watu wake.

Mwaka wa 2006 uendeshaji wa reli ulikabidhiwa kampuni ya kibinafsi, Rift Valley Railways. Shirika la Reli lilikuwa na deni kubwa la pensheni kwa watu waliolitumikia, na pesa taslimu halikuwa nazo. Lilichokuwa nacho ni ardhi na nyumba, urithi wa wakoloni waliojenga makambi ya wafanyakazi kando ya reli. Basi ukaundwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, ukapewa ardhi na nyumba badala ya pesa. Muthurwa ilikuwa ndani ya hesabu hiyo: zile nyumba za zamani nyuma ya soko, karibu na Landhies Road, ambazo kila mtu aliyeshuka basi la mashambani amezipita.

Fikiria hiyo hesabu kama mdhamini. Una maelfu ya wazee wa kulipa kila mwezi. Una kipande cha ardhi katikati ya Nairobi chenye thamani ya kutisha, na juu yake kuna nyumba mbovu zinazolipa kodi ndogo. Jukumu lako kisheria ni kwa wazee wenye pensheni. Unafanya nini? Unawaambia wapangaji wahame, ujenge kitu kinacholeta pesa.

Julai 2010 ubomoaji ukaanza. Ila waliokuwa wanaishi Muthurwa walikuwa nani? Wengi walikuwa watu wa reli wa zamani, wajane wao, watoto wao waliozaliwa humo. Mfuko wa wazee wa reli ulikuwa unawafukuza wazee wa reli ili uwalipe wazee wa reli. Wapangaji walikimbilia Mahakama Kuu. Katiba mpya ilipitishwa Agosti mwaka huo huo, ikiwa na haki ya makazi ndani yake, na kesi yao ikawa miongoni mwa za kwanza kuijaribu. Jaji Isaac Lenaola alitoa uamuzi Agosti 2013: namna watu walivyofukuzwa ilikiuka haki zao za makazi na heshima, na serikali ikaagizwa ieleze ina sera gani kuhusu kuwafukuza watu na kuwapa nyumba.

Nimeusoma huo uamuzi mara mbili na sijaweza kuwachukia wadhamini, ingawa nilianza nikitaka. Deni lilikuwa halisi. Kuna mzee huko Voi au Kisumu aliyekuwa anangoja hela ambayo ingetoka kwa paa la mwenzake. Wa kulaumiwa ni yule aliyekusanya michango miongo kadhaa na mwishowe akaleta matofali.

Na sasa sisi. Sheria mpya ya NSSF ilitungwa 2013, ikapelekwa mahakamani, ikakaa kama mtu aliyepooza hadi Februari 2023, Mahakama ya Rufaa ilipoiachilia. Baadaye, Februari 2024, Mahakama ya Juu ikasema kesi irudi Mahakama ya Rufaa isikizwe upya, lakini makato yameendelea. Unayaona kwa karatasi yako ya mshahara, kama una mshahara: asilimia 6 yako, asilimia 6 ya mwajiri. Kiwango cha juu kwa kila upande kilianza 1,080, kikawa 2,160 mwaka wa 2024, kikawa 4,320 mwaka wa 2025. Kutoka shilingi 200! Kelele za watu nilizielewa. Hata hivyo, nikimwangalia mzee na mia nne zake za miaka yote hiyo, sikuweza kuungana nazo.

Ila soma maandishi madogo. Makato hayo yako kwa tabaka mbili. La kwanza lazima liende NSSF. La pili, mwajiri akipata idhini, anaweza kulipeleka kwa mfuko wa kibinafsi. Kwa hivyo kijana anayebadilisha kazi kila miaka miwili, na ni nani siku hizi habadilishi, anaweza kufika miaka 40 akiwa na chungu NSSF na vingine vinne vya tabaka la pili vilivyotapakaa Nairobi. Hata ndani ya NSSF, michango ya sheria ya kale na ile ya sheria mpya huhesabiwa mbali mbali. Sisi tusio na mwajiri tulitengenezewa mpango wa Mbao mwaka wa 2011, mbao moja kwa siku kupitia simu, uliolenga watu wa jua kali. Mbao ilikuwa inanunua kitu 2011.

Haya, bahasha.

NSSF ilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia, namba moja, taarifa moja. Lakini taarifa ina mashimo. Mzee ana karatasi 31 za mshahara za ile kampuni ya walinzi, na zote zinaonyesha amekatwa. Kwa NSSF imeonekana miezi 14. Pesa zilitoka mfukoni mwake zikaishia kwa meza ya mtu. Nilipiga simu kwa kampuni, mama mmoja mpole akaniuliza, "Kwani hiyo ni ya lini, kijana?" Nikamwambia. Akasema, "Aki hiyo ni zamani. Aliyekuwa akishughulikia alienda." Sheria inasema mwajiri asiyewasilisha makato ana hatia na anadaiwa pamoja na adhabu, na zile karatasi 31 ndizo ushahidi. Ndiyo maana huwa namwambia kila mtu wa rika langu: hiyo karatasi ya mshahara usiifungie maandazi.

Shamba la maua: mfuko upo, ila msimamizi wa rekodi amebadilika, na jina la mzee limeandikwa Joseph badala ya Josephat, na tarehe ya kuzaliwa imeruka mwaka mmoja. Wanataka hati ya kiapo. Shule: mfuko wa pamoja, watu wanaojibu barua pepe siku hiyo hiyo, nikashangaa. Mwajiri wa sasa: hakuna shida, bado.

Kulikuwa na pesa za kutafuta kwingine pia. Tangu sheria ya 2011 kuna mamlaka ya mali za kifedha zisizodaiwa, UFAA, ambako benki, bima na mifuko ya pensheni hupeleka pesa ambazo wenyewe hawajaonekana kwa muda mrefu. Nilitafuta jina la mzee, nikakosa. Nikaandika la mjomba wangu aliyefariki 2014, likatokea. Sasa hiyo inataka hati za urithi, na hati za urithi zinataka ndugu wanne wakae meza moja. Hadithi ya siku nyingine.

Swali lililobaki lilikuwa kuunganisha au kuacha. Mimi nilitaka kila kitu kiingie kwa chungu kimoja, kwa sababu napenda vitu nadhifu. Mzee alikataa. "Kiwanda kilinifunza," akasema, "mayai yote kwa kikapu kimoja ni kikapu cha nani?" Tulibishana wiki nzima. Mimi nikamweleza habari ya wadhamini na watunza hati, kwamba hii si 1998. Nikamwonyesha pia kwamba kila mfuko unakata ada zake za uendeshaji, na ada kwa chungu kidogo inauma zaidi. Hapo alinyamaza. Hesabu ya ada anaielewa, ni mtu wa stoo. Kuna jambo lingine lililotusaidia kuamua: tangu mwisho wa Desemba 2024, mafao unayochukua baada ya kufikia umri wa kustaafu uliowekwa na mfuko hayatozwi kodi. Kuvunja chungu mapema kwa sababu una haraka kunaweza kukugharimu.

Mwishowe za shule zimehamishwa zikaungana na za mwajiri wa sasa. Za maua zitafuata, hati ya kiapo ikishagongwa muhuri. NSSF inabaki ilipo hadi afikishe 60, Machi 2027. Jumla yake ameniambia nisiiandike hapa, na nimemheshimu. Ninachoweza kusema ni kwamba aliiangalia muda mrefu, akaigawanya kwa kichwa kwa miezi, halafu akauliza mifuko ya saruji siku hizi ni bei gani.

Yale madai dhidi ya kampuni ya walinzi tumeyapeleka NSSF, na nakala za karatasi zote 31. Barua ya shukrani kutoka Thika nilitaka kuitupa. Ameirudisha kwa bahasha.